Mguu Usiopiga Goti

Kama unasoma haya ukiwa umelala, na mguu wako umewekwa juu ya kigogo, soma polepole. Mimi nililala hivyo kuanzia masika moja mpaka mpunga wa mwaka uliofuata ulipovunwa. Habari za dawa sizijui. Waliozijua walinitibu, nami nitasema tu yale niliyoyaona nikiwa chini. Wakati ule nilitamani mtu aniambie namna ya kusali wakati mwili umekataa kusali, na sikumpata. Ndiyo maana naandika.

Naitwa Subilaga. Mume wangu alikuwa Ambilikile. Tulibatizwa siku moja katika misheni, wakati Wajerumani walikuwa wameshajenga boma lao na watu wameshazoea kusikia kengele asubuhi. Tulikuwa na binti mmoja, Lusajo, na shamba la mpunga upande wa Ngonga.

Kabla ya kufika kwenye kidonda lazima nieleze jambo la kwetu Wanyakyusa, maana bila hilo hutaelewa ugonjwa wangu. Kwetu mke wa mtu hamtazami baba wa mume wake, wala hasemi naye, wala halitaji jina lake. Ndiyo maana vijana wetu hujenga kijiji chao mbali na kijiji cha baba zao. Nilipokuwa njiani nikasikia kikohozi cha mkwe wangu, niliacha njia, nikaingia migombani, nikafunika kichwa kwa nguo mpaka apite. Naye akijua niko karibu alikohoa mapema ili nipate nafasi ya kukimbia. Hiyo si chuki. Ni heshima ya watu wawili, kila mmoja akimlinda mwenzake. Jina lake sijalitamka mpaka leo na hapa sitaliandika.

Kanisani tulifundishwa heshima nyingine. Kupiga magoti, kufumbata mikono, kufumba macho. Mwalimu alituambia kwamba macho yakiwa wazi wakati wa sala, moyo hutoka nje kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Tulijifunza kufumba. Wanawake tulikaa kushoto, wanaume kulia, na sala ilipoanza nyumba nzima ilishuka magotini kwa pamoja. Nilipenda sauti ile ya magoti kugusa udongo. Hata leo naikumbuka kuliko nyimbo.

Mkwe wangu hakuwa Mkristo. Siku moja mke wake, mama wa Ambilikile, alifariki. Ambilikile alikwenda kuzika, akaimba wimbo mmoja kaburini pamoja na wenzake wa misheni, kisha akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hakukaa matanga, hakunyoa nywele. Mzee wa kanisa alikuwa amesema kwamba waliobatizwa hawakai mahali mizimu inapoitwa. Ambilikile alitii. Alilia nyuma ya nyumba yetu, akidhani simsikii.

Jumapili iliyofuata tulikuwa magotini na sala ilikuwa ndefu. Mwanga wa mlangoni ulipungua, nikafumbua macho kabla ya Amina, nikageuza kichwa. Mlangoni alisimama mzee, ameshika fimbo, kichwa kimenyolewa. Nilimjua mara moja kwa sababu ulikuwa uso wa mume wangu, ila umezeeka. Kila mtu mle ndani alikuwa amefumba macho, mwalimu pia. Mimi peke yangu nilimwona, naye aliona kwamba nimemwona. Nikajifunika kichwa. Nilipojifunua mlango ulikuwa mtupu.

Tulipotoka nilimweleza wifi yangu Anyisile, kwa sababu jambo kama hilo husemwa kwa wifi. Alisimama katikati ya njia.

"Ulimwona uso?"

"Nilimwona."

"Naye akakuona umepiga magoti hivyo, miguu nje, mgongo kwake?"

"Nilikuwa nasali, Anyisile."

"Ulikuwa unasali," akasema, akaendelea kutembea. 

Haikupita muda mrefu nikajikata kwa jembe shambani, chini kidogo ya goti la kulia. Jeraha lilikuwa dogo. Nililifunga kwa jani la mgomba nikaendelea kulima, maana maji yalikuwa yanapanda na miche ilikuwa inasubiri. Masika ya kwetu hayana huruma. Mto Kiwira ukijaa, shamba na njia vinakuwa kitu kimoja. Nilisimama ndani ya maji yale kila siku. Jeraha likawa tundu, tundu likapanuka, kingo zikanyanyuka kama midomo. Ukaja ule mnuko ambao mwenye kidonda ndugu anaujua, na asiye nacho huujua kwa haraka zaidi.

Nataka kusema ukweli juu ya mnuko. Uliniumiza kuliko maumivu. Mume wangu alilala karibu nami kama zamani, lakini nilimsikia akipumua kwa mdomo. Lusajo alikataa kulala mgongoni mwangu. Mwishowe Anyisile alimchukua kwenda kwake, na hilo lilikuwa jambo jema, nami nilimshukuru, kisha nikalia.

Maneno yakaanza. Kwetu mzee akiwa na neno moyoni juu ya mtoto wake au mke wa mtoto wake, tunaamini neno hilo halikai kimya. Linaingia mwilini mwa mtu. Dawa yake ni mzee mwenyewe kulitoa kwa mdomo mbele ya watu, kisha kujaza maji kinywani na kuyapuliza, ili wote waone kwamba hakuna kilichobaki ndani. Anyisile alikuja kumwambia kaka yake mbele yangu.

"Goti lililopigwa mbele ya mkwe ndilo linalooza. Nenda kwa baba apulize maji."

"Sisi tumebatizwa," Ambilikile akasema.

"Na mguu umebatizwa?"

Ambilikile alimwendea mzee wa kanisa kuuliza. Jibu lilikuwa kwamba aliyebatizwa akikubali kupuliziwa maji ya mizimu, hatakaribia tena Meza ya Bwana. Basi mume wangu hakwenda kwa baba yake. Alinibeba mgongoni mpaka misheni, kwenye nyumba ya wagonjwa.

Ilikuwa nyumba ndefu ya udongo, imeezekwa nyasi. Nje palikuwa na gogo refu ambapo watu walisubiri tangu umande haujakauka. Mama mwenye mtoto wa homa, mzee wa jicho, kijana aliyeumwa na kiboko. Kwenye gogo lile nilijifunza kwamba kusubiri kuna utaratibu wake. Aliyekuja wa kwanza hukaa karibu na mlango, na hakuna anayetazama kidonda cha mwenzake mpaka mwenyewe afunue. Mke wa mmisheni, tuliyemwita Bibi, ndiye aliyetibu. Alikuwa na mikono myekundu na maneno machache ya Kinyakyusa, akiyatumia yaleyale kwa wote. Alipofunua mguu wangu hakugeuza uso. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mtu kutokugeuza uso. Nakutajia hilo kwa sababu utakapopata rehema ndogo ya namna hiyo, ihesabu.

Aliosha kwa maji ya dawa yenye rangi ya zambarau. Alikata nyama iliyokufa kwa mkasi, nami niliuma kitambaa. Chini kabisa kulikuwa na kitu cheupe. Nilidhani ni usaha. Ulikuwa mfupa.

"Utakaa," Bibi akasema. "Mpunga ukivunwa mwakani na mfupa bado unaonekana, tutakupeleka kwa daktari wa boma. Mguu utakatwa."

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na kiambaza cha matete kilichotenga wanawake na wanaume. Kitanda changu kilikuwa kando ya kiambaza. Kitanda cha pili kilikuwa cha mama mmoja wa Kikisi, mfinyanzi kutoka pwani ya ziwa, aliyeungua mkono wakati wa kuchoma vyungu. Alikuwa mwanamke wa mdomo. Siku ya kwanza alinusa, akanisalimu, "Ndaga, mwenzangu. Mimi nanuka nyama choma, wewe unanuka samaki wa juzi. Mgeni akija atadhani kuna karamu." Nilicheka mpaka mguu ukaniuma.

Yeye ndiye aliyeleta chungu. Kilikuwa chungu kikubwa cha maji, chenye mistari myekundu shingoni, na kwa sababu pande zote mbili zilihitaji maji, alikiweka pale kiambaza kilipoacha mwanya, nusu kwetu, nusu kwa wanaume. Kila upande ulikuwa na kata yake.

Kila asubuhi na jioni mwalimu alisimama mlangoni akaongoza sala. Wenye miguu walipiga magoti kando ya vitanda. Mimi nililala chali na mguu wangu juu ya kigogo. Nilijaribu kufumbata mikono na kufumba macho, lakini nilipofumba niliona tundu. Sala yangu ilikuwa kama mtu anayeita kutoka ndani ya shimo. Nilimwambia Bibi kwamba sijui kusali bila goti. Akasema Mungu anamsikia hata aliyelala. Nilijibu ndiyo, kwa heshima, lakini sikuamini. Kwetu mwanamke hasalimu mtu mkubwa akiwa amelala. Nitamwamkiaje Kyala, Mungu mwenyewe, nimenyoosha miguu kama mlevi? Kwa muda fulani niliendelea kwa sauti ndogo. Kisha nikaacha. Mwalimu aliposali nilitazama dari, nikangoja wamalize.

Mvua zilikwisha, baridi ikaja, milima ya ng'ambo ya ziwa ikaonekana wazi. Mguu ulikuwa umekonda, paja likawa jembamba kama mkono. Goti lenyewe liliganda. Anyisile alimleta Lusajo Jumapili moja. Mtoto alisimama nyuma yake, akanitazama, akamwambia Anyisile, "Mama, twende." Anyisile aliona nilivyosikia. "Mtoto huita mama kila anayempa ndizi," akasema haraka. Alikuwa ananisaidia. Haikusaidia.

Siku moja mchana tulisikia wabebaji wakiingia upande wa wanaume, na kikohozi. Nilikijua kikohozi kile kabla mwili haujatambua kwamba umekijua. Mguu ulitaka kukimbilia migombani. Nilivuta nguo nikajifunika mpaka kichwani.

Upande wa pili sauti ya mzee ikasema, "Nirudisheni. Humu ndani kuna mtu."

"Kuna wagonjwa tu," Bibi akajibu.

"Kuna mtu," akarudia. "Mimi siwezi kulala hapa."

Lakini hakuweza kusimama. Kifua kilikuwa kimemmaliza. Mama wa Kikisi alinitazama, akatazama kiambaza, akaelewa. Akachukua kaniki yake, akaitundika juu ya matete upande wangu, akafunga mwanya wote isipokuwa pale penye chungu.

"Wanyakyusa nyinyi," akaninong'oneza, "mnamwogopa mkwe kuliko mamba."

"Mamba anakula mguu tu," nikamwambia.

Basi tukalala hivyo, mimi na mkwe wangu, kiambaza cha matete kati yetu. Mama wa Kikisi akawa mjumbe. "Mzee anauliza kama mguu umelala salama." "Mwambie umelala." "Binti anauliza kama kifua kimepungua." "Mwambie kimelala na mguu." Alirudisha kila neno kwa mbwembwe zake, na nadhani hata mzee alitabasamu, ingawa siwezi kujua.

Ambilikile alipokuja alinisalimu mimi kwanza, kisha akazunguka upande wa pili. Nilisikia salamu zao. "Ugonile, tata." "Ee." Baada ya hapo, kimya. Mwana alikaa kidogo, akaondoka. Ilikuwa hivyo kila mara. Anyisile alipopata habari kwamba baba yake yuko mle, alikuja akakaa kando ya kitanda changu akaongea kwa sauti ya chini.

"Sasa Mungu wako amekuletea dawa mpaka kitandani. Baba yuko hapo. Aseme neno lake, apulize maji. Akifa nalo moyoni, nani atalitoa?"

"Meza ya Bwana je?"

"Kwenye Meza utakwenda na mguu upi?"

 Niliogopa kukatwa mguu. Niliogopa kutengwa. Na zaidi ya yote niliogopa kwamba ni kweli, kwamba mzee yule aliyekuwa akikohoa karibu nami ana neno juu yangu, na anakaribia kufa nalo.

Mkono wa mama wa Kikisi ukapona, akaenda kwao. Chungu na kaniki akaniachia. Mjumbe wetu akawa hayupo, na pande zote mbili zikanyamaza. Ulikuwa wakati ambapo kungu, wale wadudu wa ziwani, hupanda angani kama moshi, na wote walioweza kutembea walikuwa wametoka na vikapu kuwakamata. Nyumba ilibaki na sisi wawili.

"Chungu," sauti ikasema.

Nilivuta nguo mpaka kidevuni.

"Chungu cha Wakisi. Wewe huna mkwe, tunaweza kuongea." Akakohoa, akangoja. "Kuna mtu upande huo alikuwa akisali asubuhi kwa sauti ndogo. Siku hizi simsikii. Wamempa dawa ya kufunga mdomo?"

Nilitazama mlangoni kama kuna mtu. Kisha niligeuza uso ukutani, nikasema, "Chungu, kama kuna anayeuliza, mwambie goti halikunjiki."

"Chungu, mwambie mimi pia sikunji goti. Lakini nikiomba uji nikiwa nimelala, naletewa."

Sijui kama wewe unayesoma utaona ukubwa wa jambo lile. Mwalimu alikuwa ameniambia, Bibi alikuwa ameniambia, na sikuamini. Mtu asiyebatizwa aliniambia kwa habari ya uji, nikaamini.

Tangu siku ile tuliongea kwa chungu, watu wakiwa nje. Akasema anataka kufundishwa sala tuliyokuwa tukisali siku ile kanisani. Nilimuuliza chungu kama mzee anataka kubatizwa. "Chungu, mwambie nina wake na nina umri, sitaki kumsumbua mwalimu. Nataka tu kujua watu wanasema nini wakifumba macho." Nikamfundisha Sala ya Bwana kipande kwa kipande. Nilisema mimi, alirudia yeye, chungu katikati. Nilipomfundisha ilinibidi niiseme, na nilipoisema nikajikuta nasali. Nililala chali, mguu juu ya kigogo, macho yangu kwenye mistari ile myekundu ya shingo ya chungu.

Tulifika kwenye neno la kuomba tusamehewe kama tunavyosamehe. Nilisema. Hakurudia.

"Chungu, labda hakusikia," nikasema, nikarudia tena.

"Nimesikia. Neno hilo siwezi kulisema. Sijalifanya."

Akanyamaza siku hiyo na siku nyingi zilizofuata. Uji wake ulirudi haujaguswa. Nami nilijua sasa kwamba neno lipo. Nilitazama mguu wangu Bibi alipouosha, na kile kitu cheupe bado kilikuwa chini, nikamchukia mzee yule kidogo, na kumwonea huruma zaidi. Kipande kile cha sala kilinikwama na mimi.

Mvua mpya zilipoanza, sauti yake ilikuwa imepungua sana. Siku moja mchana akaita.

"Chungu. Kuna watu wanasema nina neno juu ya yule mtu kwa sababu aliniona uso. Nimewasikia, matete hayana masikio lakini mimi ninayo. Mwambie si kweli."

Niligeukia chungu.

"Mke wangu alikufa. Matanga yalikaa, ndugu zangu wakanyoa, na mahali pa mwanangu wa kwanza palikuwa wazi. Kila aliyekuja alipaona. Siku ya mwisho nikachukua fimbo nikaenda mwenyewe kumwita. Nikasimama mlangoni kwao. Wote walikuwa wamefumba macho. Naye alikuwa pale mbele, amefumba macho. Niliona haya kuita katikati ya sala ya watu. Nikangoja afumbue. Akafumbua mtu mmoja tu, na huyo ndiye mtu ambaye siwezi kusema naye." Akapumzika. "Chungu, mwambie sina neno naye. Ni yeye peke yake aliyeona kwamba nilikwenda."

Nililala nikiwa nimeshika kingo za kitanda. Mwaka mzima tulizungumza juu ya uso ulioonwa, goti, mgongo, heshima iliyovunjika. Wifi yangu alilizungumza, kijiji kizima kililizungumza, nami niliamini. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza mzee yule alikuja kanisani kufanya nini.

Ambilikile alipokuja na ndizi na samaki, sikungoja aweke kapu chini.

"Baba yako alikuja kanisani kukuita wewe," nikamwambia. "Siku ya mwisho ya matanga ya mama. Alisimama mlangoni akikungoja."

"Nani kasema?"

"Kimesema chungu."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenye homa. Kisha uso wake ukabadilika. "Mimi nilikuwa wapi?"

"Mbele. Ulikuwa unasali."

Akaenda upande wa pili. Nilisikia mkeka ukikwaruza, akikaa chini.

"Baba, waliniambia nisikae mahali pale."

"Najua walichokuambia. Nilitaka wewe uniambie. Ungekuja ukaniambia, baba, mimi sikai, ningekasirika, tungekula, ikaisha."

"Niliogopa."

"Usingecheza ngoma. Ungekaa tu. Mama yako alikuwa na mtoto wa kiume mmoja." Kikohozi kilimkamata kwa muda. "Hilo ndilo neno. Sasa limetoka."

Ambilikile alilia, na safari hii hakuwa nyuma ya nyumba. Alimwomba baba yake msamaha, akijitaja kwa jina lake mwenyewe la utotoni. Kisha mzee akasema, "Nipe maji." Nilisikia kata ikizama ndani ya chungu. Mume wangu alijua maana yake. Angeweza kusema hapana. Alimpa.

Mzee hakunywa. Kwanza alisema kile kipande cha sala, chote, kwa sauti nyembamba, bila kukosea, kama nilivyomfundisha. Kisha akajaza maji kinywani, akayapuliza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, si chini kama desturi, bali kuelekea kiambaza. Maji yakapita katikati ya matete na kaniki. Yakaniangukia shingoni, mkononi, na juu ya kitambaa cha mguu. Yalikuwa ya baridi. Sikujifunika.

Alifariki kabla masika hayajafika katikati. Walipombeba walimpitisha upande wetu kwa sababu mlango wa wanaume ulikuwa umejaa maji. Nilivuta nguo nikafunika uso wangu. Sikuwa na heshima nyingine ya kumpa. Ambilikile alikaa matanga yote, akanyoa nywele, akarudi kwangu na kichwa kama cha baba yake mlangoni.

Mpunga ulipovunwa nyama ilikuwa imefunika mfupa. Bibi alisema ni maji ya zambarau. Anyisile alisema ni maji ya baba. Mimi niliyapokea yote mawili kwa mguu uleule na siwezi kukudanganya kwamba najua. Najua tu kwamba wengine waliooshwa vilevile walikatwa, na wengine walizikwa. Usiniulize kwa nini mimi.

Kabla ya Meza ya Bwana, kwetu kila mtu huitwa peke yake kuzungumza na mzee wa kanisa. Aliniuliza kama ni kweli nilipuliziwa maji.

"Ni kweli."

"Yalikuwa maji ya mizimu au ya sala?"

"Nilisikia sala, kisha nikalowa," nikasema. "Zaidi ya hapo sijui."

Mimi na mume wangu tuliwekwa nje ya Meza mpaka Pasaka ya pili. Tulikaa kwenye benchi la nyuma. Ambilikile hakunung'unika. Lusajo alirudi nyumbani, akachukua muda kuniita mama, kisha akaniita.

Baadaye ikaja vita ya wazungu. Walipita wakichukua wanaume wa kubeba mizigo, na Ambilikile akachukuliwa pamoja na vijana wa kijiji chetu. Wachache walirudi. Yeye sijaambiwa alipozikwa, wala sijaambiwa kwamba alizikwa. Bibi na mume wake waliondolewa, na nyumba ya wagonjwa ikaanguka mvua moja baada ya nyingine. Chungu changu nilikichukua. Kipo nyumbani kwangu, kimepasuka ukingo.

Mguu wangu hauumi tena, ila haukunjiki. Kanisani wenzangu wakishuka magotini mimi nabaki juu ya benchi la nyuma, karibu na mlango, nimeunyoosha mbele kama fimbo. Kama wako utabaki hivyo, usione haya. Sala inapita.

Mzee wa kanisa ameniuliza mara nyingi kwa nini nasali macho wazi kama mtoto asiyefundishwa. Namwambia kwamba kuna mtu aliwahi kuja hapa akasimama akitungoja, nasi tulikuwa tumefumba.  Simwambii kwamba sasa namngoja na mwingine, aliyechukuliwa na vita. Watu wanashuka, inasikika ile sauti ya magoti kugusa udongo, nami nasema maneno yale yote mpaka mwisho nikiutazama mlango.